Barabara tulilipia, mtandao tukausahau

Je, msomaji, umewahi kulala kitandani mwako usiku na kuamka asubuhi kitanda hicho hicho kikiwa tayari kuvuka mpaka wa nchi? Hayo ndiyo maisha ya watu wanaotembea Ulaya kwa motahomu, yaani gari la ukubwa wa matatu lililo na vitanda, jiko, meza ya kulia, choo na tangi la maji. Jamaa yake ni karavani, ambayo haina injini na huvutwa nyuma ya gari la kawaida. Shule zinapofungwa mwezi wa Julai na Agosti, barabara kuu za huko zinazoelekea kusini hujaa magari ya aina hii, baba akiwa kwenye usukani, mama na ramani, na watoto nyuma wakigombania dirisha.

Mwezi wa Julai mwaka 2024 nami nilipata bahati ya kuwa mmoja wao. Ndugu yangu mdogo anaishi na kufanya kazi mjini Rotterdam, Uholanzi. Yeye na mkewe walikodi motahomu kwa wiki mbili, wakanialika niandamane nao pamoja na watoto wao wawili. Njia yetu ilikuwa kuufuata mto Rhine kupitia Ujerumani, kukatiza Uswisi, kisha kushukia Ufaransa.

Ningeweza kukusimulia habari za milima na majumba ya kale. Lakini leo nataka kukueleza jambo moja tu ambalo lilitugharimu sana, nalo ni intaneti. Tafadhali usicheke. Siku hizi ni vijana wengi wanaokwenda ng'ambo kusoma, na wazazi wengi wanaokwenda kuwatembelea. Huenda kesho ikawa zamu yako.

Ahadi tuliyompa mama

Tulipoondoka Rotterdam, mama yetu mwenye umri wa miaka 74 alikuwa anangoja kupasuliwa mtoto wa jicho katika hospitali moja huko nyumbani. Alikuwa ameahirisha mara mbili kwa hofu. "Kisu mguuni nitakivumilia," alikuwa akisema, "lakini si kisu jichoni." Mara ya tatu alikubali kwa sharti moja: kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, azisikie sauti zetu sote wawili.

Tulikubali mara moja. Hilo lilikuwa sharti dogo kwa watu wenye simu nne na visanduku viwili vya watoto vya kutazamia katuni! Upasuaji ulipangwa saa nne asubuhi za Kenya, ambazo wakati huo wa kiangazi ni saa tatu kwa saa za Uswisi. Tungempigia saa tatu unusu za kwake, tumwone na atuone, kisha aende kwa amani.

Nami niliona nimejiandaa vilivyo. Dukani Rotterdam nilinunua laini ya malipo ya kabla, ya intaneti pekee. Hapa kwetu huwezi kupata laini bila kitambulisho, lakini Uholanzi nililipa tu, nikapewa kama mtu anayenunua mkate. Usije ukadhani ni hivyo kila mahali. Ujerumani, Ufaransa, Italia na Uhispania hudai pasipoti au kitambulisho, na huko Ujerumani masharti hayo yalikazwa tangu Julai 2017.

Laini hiyo niliitia katika kisanduku kidogo cha kusambaza mtandao, chenye ukubwa wa kipande cha sabuni. Kisanduku hiki huchukua intaneti kutoka kwa mnara wa simu na kuigawa kwa simu zote zilizomo garini. Tukakibandika dirishani, kwa kuwa bati la gari huzuia mawimbi. Jamii nzima ikawa inakula kutoka sufuria moja, na ndivyo ilivyo rahisi zaidi kuliko kila mtu kujinunulia chake.

Mpaka usio na lango

Safari yetu ilianza vyema kabisa. Tulivuka kutoka Uholanzi hadi Ujerumani bila hata kupunguza mwendo. Hakuna kizuizi, hakuna foleni ya malori kama ile ya Malaba. Kuna kibao cha buluu chenye duara la nyota na jina la nchi, basi. Watoto waliendelea na katuni zao bila kujua wamebadilisha nchi. Mjini Koblenz, pale mto Mosel unapoingia katika Rhine, tuliegesha na kupika ugali wa unga uliotoka Kenya, huku nikimtumia mama picha za meli za mizigo zikipanda mto.

Kwa nini intaneti ya Uholanzi ilifanya kazi Ujerumani bila malipo ya ziada? Hapo ndipo penye siri ambayo kila msafiri yafaa aijue. Zamani, kutumia laini yako katika nchi nyingine, huduma ambayo kampuni huiita romingi, kulikuwa kama kuchoma noti. Tarehe 15 Juni mwaka 2017 Umoja wa Ulaya uliyaondoa malipo hayo ya ziada. Mwenye laini ya nchi mojawapo hutumia bando lake katika nchi zote 27 za umoja huo, pamoja na Norwei, Iceland na Liechtenstein, kwa bei ya nyumbani. Sheria hiyo ilifanywa upya kuanzia tarehe 1 Julai 2022, nayo itadumu hadi mwaka 2032.

Sisi wa Afrika Mashariki wazo hili si geni kwetu. Mwaka 2014 Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilikubaliana kupunguza gharama za kupigiana simu kuvuka mipaka yao. Tofauti ni kwamba wenzetu wa Ulaya wameingiza na intaneti.

Lakini sasa, msomaji, sikiliza vizuri. Mpaka wa simu na mpaka wa barabara haufanani. Uswisi iko katikati ya Ulaya kama kiini cha yai, imezungukwa na nchi hizo pande zote, lakini yenyewe si mwanachama wa Umoja wa Ulaya wala haimo katika mpango huo wa simu. Andorra, ile nchi ndogo ya milimani kati ya Ufaransa na Uhispania, nayo haimo. Uingereza ilijitoa katika umoja huo mwaka 2020, na baadhi ya kampuni za huko zikarudisha malipo ya romingi. Zipo kampuni zinazoijumuisha Uswisi katika bando zao, na zipo zisizoijumuisha. Laini niliyoinunua ilikuwa ya hizo zisizoijumuisha. Sikuuliza.

Asubuhi ya Basel

Usiku wa kuamkia siku ya upasuaji tulilala karibu na Freiburg, kusini mwa Ujerumani. Alfajiri tukaondoka. Kutoka hapo hadi mpaka wa Basel ni kiasi cha kilomita 70. Mpaka huu una kituo cha forodha, kwani Uswisi ina ushuru wake. Ndugu yangu alisimamisha gari akanunua stika ya barabara kuu, ambayo kwa gari lisilozidi uzito wa tani tatu unusu ni faranga 40 za Uswisi kwa mwaka. Akaibandika kwenye kioo na kuipangusa kwa kiganja. Ofisa alitupungia mkono, tukapita.

Ndugu yangu si mgeni wa mambo haya. Kabla hatujavuka alizima intaneti ya simu yake, akamwambia mkewe naye azime. "Uswisi hapana mchezo," alisema. Nami simu yangu ilikuwa na laini ya Kenya ambayo sikuwa nimeiomba kampuni iiwezeshe kufanya kazi ng'ambo, kwa hivyo haikuwa na chochote cha kuzimwa. Sote tukajiona werevu.

Hakuna aliyekumbuka kisanduku cha dirishani.

Kampuni ya simu hutuma ujumbe kila unapoingia nchi nyingine, kukukaribisha na kukuambia bei. Ujumbe huo ulitumwa asubuhi ile, bila shaka yoyote. Lakini ulitumwa kwa laini, na laini ilikuwa ndani ya kisanduku ambacho hakina kioo cha kusomea. Nani angeusoma? Bando langu la nchi za Umoja lilifikia ukomo wake pale mpakani, na mtandao ukaanza kula salio la euro 15 nililoliweka la akiba. Watoto walikuwa na katuni. Simu yangu, bila kuniuliza, ilikuwa inapakia picha zote za Koblenz kwenye hifadhi yake ya mbali. Tulipofika kituo cha kupumzikia magari baada ya Basel, salio lilikuwa sifuri.

Saa mbili na dakika ishirini na tano za pale niliketi mezani na kumpigia mama kwa picha. Kimya. Nikazima simu nikaiwasha. Kimya. Ndugu yangu alikichomoa kisanduku, akakichomeka upya, akakipandisha juu ya kabati akidhani ni mawimbi. Shemeji akapendekeza tusogeze gari mbele kidogo. Tulisogeza. Tulihangaika hivyo dakika ishirini nzima, kila mtu akitoa ushauri, mpaka ndugu yangu alipokumbuka kuwa simu yake bado inaweza kupiga simu ya kawaida, bei iwe iwayo.

Simu ya mama ilikuwa imezimwa. Akampigia dada yetu mkubwa aliyekuwa naye hospitalini, naye akapokea upesi.

"Ameshaingia," dada alisema. "Muuguzi alimwita mara mbili. Alikuwa ameshika simu mkononi, anasema ngojeni kidogo, watoto wangu wanapiga."

Garini hakuna aliyesema neno. Hata watoto walinyamaza.

Tulimwona saa sita kasoro, nje ya mkahawa mmoja wa barabarani karibu na Bern. Hata mtandao wa bure wa pale haukuwa rahisi, kwani ulitaka kwanza utie nambari ya simu ili utumiwe tarakimu za siri. Laini yangu isingepokea chochote, basi tukatumia ya ndugu yangu. Mama alikuwa na kitambaa cheupe kwenye jicho moja na jicho la pili likitutazama kwa ukali. Upasuaji ulikuwa umekwenda vizuri, tena kwa muda mfupi kuliko alivyodhani. Alituacha tuombe radhi mpaka tukamaliza, ndipo akasema: "Nyumba mmeweza kuibeba mgongoni kama konokono, sauti ndiyo iliyowashinda?"

Unachopaswa kufanya wewe

Nimekusimulia haya ili usilipe karo niliyoilipa mimi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kabla hujanunua laini yoyote, muulize mwenye duka maswali matatu: Bando hili linafanya kazi katika nchi zipi? Nikitoka nje ya nchi hizo mtandao utakatika, au utakula salio langu? Na je, ninaweza kutumia bando lote nikiwa nje ya nchi nilikonunulia laini, au sehemu tu?

Swali la tatu lina sababu. Sheria ile ya mwaka 2017 iliwalenga wakazi wa nchi hizo wanaosafiri kwa muda, si watu wa kununua laini mahali rahisi na kuishi nayo kwingine. Kampuni inaruhusiwa kuomba uthibitisho wa makazi. Inaruhusiwa pia kuweka kikomo cha matumizi ya haki, na kwa mtu anayekaa nje kuliko nyumbani kwa kipindi cha miezi minne, inaweza kumtoza zaidi. Hata malipo hayo yana kiwango cha juu kilichopangwa kushuka, kutoka euro 2 kwa kila GB mwaka 2022 hadi euro 1 mwaka 2027. Wewe mgeni mwenye viza ya Schengen, ambayo huruhusu siku 90 katika kila siku 180, tafuta bando linalouzwa waziwazi kwa wasafiri na lenye orodha ya nchi.

Ikiwa simu yako ni ya kisasa, waweza kununua laini isiyoshikika, ile ya eSIM, ukiwa ungali nyumbani. Hulipiwa kwenye intaneti na kuingizwa simuni kwa kupiga picha mchoro wa mraba. Faida yake kubwa ni kwamba laini yako ya Kenya hubaki mahali pake. Usiitoe hiyo, kwa kuwa benki yako itatuma tarakimu za siri kwa nambari hiyo. Iombe kampuni iiwezeshe ng'ambo kabla ya kupanda ndege, uulize bei, kisha uzime intaneti yake na uiache ipokee ujumbe tu.

Ukifika mpakani, hesabu mashine zote zinazokula mtandao, sio simu peke yake. Kisanduku, saa ya mkononi, vyombo vya watoto, hata redio ya gari la kisasa. Kwenye simu, zima upakiaji wa picha na masasisho ya programu mpaka uwe kwenye mtandao wa bure. Pakua ramani za njia yote ungali nyumbani, nayo simu itakuelekeza bila intaneti hata chembe. Filamu za watoto pia zipakue mapema, maana saa moja ya filamu ya kawaida hula GB moja hivi, na ile ya picha safi zaidi hufika GB tatu. Ukitaka kuzungumza na nyumbani bando likiwa limepungua, zima picha uzungumze kwa sauti tu.

Nyingi ya kambi za motahomu zina mtandao wao, mwingine wa bure na mwingine wa kulipia. Aghalabu huwa na nguvu karibu na ofisi ya mapokezi na kudhoofika kadiri unavyoegesha mbali. Jioni kila familia inapotazama sinema, hutambaa kama kobe. Amka mapema kabla ya wengine, utaona tofauti. Maktaba za umma ni rafiki mkubwa wa msafiri. Zaidi ya hayo, kuanzia mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulizipa manispaa nyingi hati za thamani ya euro 15,000 kila moja ili ziweke mtandao wa bure katika viwanja, maktaba na bustani. Ukiona jina WiFi4EU kwenye simu yako, ndio huo. Lakini mambo ya benki usiyafanye kwenye mtandao wa wazi wa watu wote.

Wako wasafiri wanaofunga sahani ya setilaiti juu ya paa. Starlink ilitoa mwaka 2024 sahani ndogo inayoingia katika mkoba. Ni msaada kwa mtu anayefanya kazi akiwa porini ambako minara haifiki, lakini hutaka mbingu iliyo wazi bila miti, umeme wa betri ya gari, na malipo ya kila mwezi juu ya bei ya sahani yenyewe. Kwa familia ya likizo ya wiki mbili, laini ya euro chache inatosha.

Ng'ambo ya ziwa

Siku nne baadaye tulikuwa tumeingia Ufaransa, tukapiga kambi karibu na Evian, kwenye ufuo wa Ziwa Léman, ambalo wengi hulijua kama Ziwa la Geneva. Ng'ambo ya pili, zaidi ya kilomita 10 juu ya maji, taa za Lausanne ziliwaka usiku. Lausanne iko Uswisi. Nilikuwa nimeongeza pesa katika laini na bando limerudi, nikawa nimeketi nje na kikombe cha chai.

Kitu fulani kikanifanya niichungulie simu. Nikafungua ukurasa wa kisanduku, ule unaoonyesha jina la mtandao kilioushika. Naam! Kilikuwa kimeuacha mnara wa Ufaransa na kudaka mnara wa Uswisi kutoka ng'ambo ya maji. Sisi tulikuwa nchi moja, intaneti yetu nchi nyingine. Ni kama mtu wa Loitokitok anayekaribishwa Tanzania na simu yake akiwa bado Kenya. Nilikizima haraka, nikaingia kwenye mipangilio, nikaondoa uchaguzi wa kujiendea na kukichagulia mtandao wa Ufaransa kwa mkono. Hilo nalo liandike, msomaji: ukilala karibu na mpaka, usiiachie simu ikuchagulie nchi.

Kisha nikampigia mama. Kitambaa kilikuwa kimekwisha kuondolewa. Nilimgeuzia simu aone ziwa, akaikodolea macho kwa muda.

"Zile ni nyota au ni taa?" akauliza.

"Ni taa, mama. Ni mji wa nchi nyingine."

"Nazihesabu," akasema. "Usikate."

Sikukata. Bando lilikuwa langu, la nchi niliyokuwamo, na nilikuwa nimeuliza bei.